Kiwanda Kinachofundisha Kipunguziwe Tozo

Mjadala kuhusu nguvu kazi ya viwanda nchini Tanzania huishia mara nyingi kwenye idadi ya vyuo vya ufundi stadi, ilhali sehemu kubwa ya ufundi huo haifundishiki mahali ambapo mashine haidaiwi bidhaa. Mkerezaji wa vyuma, yaani fundi anayechonga chuma kinachozungushwa na mashine, anaweza kujifunza chuoni kusoma mchoro na kupima kwa kalipa. Lakini shafti ikipungua hata sehemu chache za mia za milimita, beringi hucheza, joto hupanda na mtambo husimama, na kuitambua hitilafu hiyo kwa mlio tu, kabla haijaleta hasara, ni ujuzi unaopatikana kwa kukaa muda mrefu kando ya fundi mzoefu.

Hiyo ndiyo kazi ya uanagenzi, mafunzo ambayo kijana huyapata kiwandani kwa mkataba huku akihudhuria chuo kwa vipindi. Ujerumani iliutungia sheria mwaka 1969: mwanagenzi hulipwa na mwajiri, lakini mtihani wake wa mwisho husimamiwa na chemba ya viwanda na biashara.

Tanzania Bara ina chombo cha kusimamia ufundi stadi, VETA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ina Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo waajiri huiita SDL. Kasoro imo katika tozo yenyewe. Kiwango chake, kilichoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5, ni kilekile kwa mwajiri anayefundisha vijana na kwa yule anayengoja kuwachukua walioiva kwa jirani. Anayefundisha hulipa tena kwa muda wa fundi wake mkuu na kwa malighafi inayoharibika mikononi mwa mwanafunzi, na hiyo ni dhuluma inayopaswa kuondolewa. Kenya hutoza shilingi 50 tu kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, lakini mwajiri anayefundisha anaweza kudai kurejeshewa sehemu ya gharama.

Tanzania nayo ipunguze tozo kwa kila mwanagenzi mwenye mkataba uliosajiliwa. Na kwa kuwa kijana anaweza kuandikwa mwanagenzi huku akishindishwa kwenye kufagia na kubeba magunia, ukaguzi ufanyike karakanani, si kwenye mafaili: mkaguzi ampe mchoro na kipande cha chuma, kisha apime alichokikereza.