Umepasuliwa mfuko wa chakula na bado unateseka? Usimeze omeprazoli kwa mazoea (Sehemu ya 4)

Leo naongea na nyie mliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula. Labda kidonda kilitoboka, labda sehemu ilikatwa. Mshono umepona, lakini ukila tu tumbo linajaa, unaharisha, unatapika, au jasho linakutoka mpaka ukae chini.

Nikiuliza unatumia nini, jibu ni lile lile: omeprazoli ya duka la dawa. Ikiisha ananunua nyingine, mwaka wa pili huo. Msimamo wangu ni kwamba tabia hii inatuumiza, na haiishii kwa mama peke yake.

Omeprazoli ni dawa nzuri, siisemi vibaya. Kazi yake ni kupunguza asidi. Sasa kama kinachokusumbua sio asidi? Mfuko ukikatwa, chakula kinaweza kuporomokea kwenye utumbo kabla ya wakati. Ndio maana dakika 10 mpaka 30 baada ya kula moyo unaenda mbio, tumbo linanguruma, unakimbilia chooni. Wengine ni saa 1 mpaka 3 baadaye, wanatetemeka na njaa kali kwa sababu sukari imeshuka. Hapa tiba ya kwanza wala sio kidonge. Kula kidogo kidogo, hata mara 6 kwa siku. Soda na chai ya sukari nyingi weka pembeni. Maji usinywe pamoja na chakula, subiri kama nusu saa. Ule uji mwepesi wenye sukari ambao kila shangazi anamletea mgonjwa, kwa huyu ndio unamwangusha. (Natamani hilo libandikwe kwenye mlango wa wodi.) Ikishindikana ndipo daktari anaongeza dawa, kama akabosi, inayopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Mwingine anatapika njano chungu. Hiyo ni nyongo, na omeprazoli haizuii nyongo kupanda. Mwingine mfuko umelegea, hausukumi chakula. Huyo anaweza kupewa metoklopramidi, tena kwa muda mfupi tu, maana ikitumika miezi na miezi inaweza kuleta midomo na ulimi kuchezacheza bila kukoma. Mwingine bado ana bakteria wa H. pylori, anahitaji antibayotiki pamoja na omeprazoli, mara nyingi siku 14, na azimalize zote. Na kuna anayemeza diklofenaki kila mgongo ukiuma, halafu anashangaa kidonda kimerudi.

Watu watano, malalamiko yanafanana, tiba tofauti. Muuza duka atajuaje, kama wewe mwenyewe hujui ulifanyiwa nini? Siku ya kuruhusiwa dai karatasi yenye jina la upasuaji. Ni haki yako.

Kwa wanaonyonyesha na wanaotafuta mtoto, hapa napiga kelele kabisa. Mfuko wa chakula ndio unatoa kitu kinachosaidia mwili kufyonza vitamini B12. Ukiondolewa wote, kwa kawaida utachoma sindano za B12 maisha yako yote. Ukikatwa sehemu, uwe unapimwa. Omeprazoli ya miaka mingi nayo inapunguza ufyonzaji huo. Akiba ya kwenye ini inachukua miaka kuisha, kwa hiyo unajiona mzima, halafu inakuja ganzi miguuni na damu kupungua. Mtoto anayenyonya tu anategemea B12 yako. Ikikosekana analegea, haongezeki uzito, hata kukaa alikokuwa ameanza anaacha, na nyumbani wanasema ni jicho la watu. Vidonge vya kliniki vya madini chuma na foliki havizibi pengo hilo. Kwa hiyo hudhurio la kwanza la ujauzito, mwambie nesi hilo kovu ni la nini.

Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache kwa sababu yangu, wapo wanaoihitaji kweli. Rudi nayo kliniki, uliza ni ya nini na mpaka lini. Ila ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo likivimba na hata ushuzi hautoki, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo.