Tazama Pambizo Kwanza

Picha ya mchoraji wa Kijapani Kawase Hasui ya mwaka 1925 inayoonyesha hekalu la Zojoji, lango jekundu na mwanamke mwenye mwavuli katikati ya theluji, unaweza kuipata leo kwa dola mia chache. Unaweza pia kuipata kwa maelfu. Mchoro ni uleule, na kwenye tangazo maneno ni yaleyale: “Hasui, 1925”. Muuzaji anayeandika hivyo na kuishia hapo hajasema uongo. Ila amekaa kimya pale panapoamua bei: nakala hiyo ilichapwa lini.

Hasui alichora tu. Aliyegharamia na kusimamia kazi alikuwa mchapishaji wa Tokyo, Watanabe Shozaburo. Fundi mmoja alichonga mbao za mcheri, mwingine akazipaka rangi na kusugua karatasi ya mforsadi iliyoloweshwa, rangi moja baada ya nyingine. Mbao zikitunzwa, zinaweza kutoa nakala nyingine miaka mingi baadaye, hata baada ya Hasui kufariki mwaka 1957. Kampuni ya Watanabe imefanya hivyo, na ni haki yake. Nasisitiza hili kwa sababu baadhi ya wakusanyaji huziita nakala hizo bandia. Si bandia. Zimechapwa baadaye, basi.

Nakala za mwanzo ndizo ghali, na kwa picha za kabla ya Septemba 1923 kilichozipandisha bei zaidi ni moto. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu saa sita mchana, tetemeko liliipiga Tokyo, na moto uliofuata ukateketeza duka la Watanabe pamoja na mbao na picha ambazo hazijauzwa. Hasui alipoteza vitabu vyake vya michoro. Picha za kabla ya siku hiyo zilizosalia ni zile zilizokuwa tayari mikononi mwa wanunuzi, na mchoro uliochongwa upya umetoka kwenye mbao nyingine. Huo ni uhaba usio na hila. Linganisha na Uingereza ya miaka hiyohiyo, ambako wachoraji waliochapa picha kwa sahani za shaba walisaini kwa penseli, wakaweka kikomo cha nakala, na mara nyingine wakaikwaruza sahani ili isichapwe tena. Uhaba ule ulipangwa, walanguzi wakaushangilia, na baada ya 1929 soko likaanguka vibaya.

Mnunuzi aliyezoea namba ya penseli huitafuta kwenye picha ya Hasui na kwa kawaida haioni. Aangalie mhuri wa mchapishaji. Watanabe alibadilisha mihuri yake kadiri miaka ilivyopita, na wajuzi hukadiria umri wa nakala kwa umbo la mhuri na mahali ulipogongwa. Kwa picha za Yoshida Hiroshi, mchoraji mwingine wa Kijapani, hutafutwa alama ya jizuri pambizoni, inayoonyesha kuwa uchapaji ulifanyika chini ya usimamizi wake mwenyewe. Hakuna jipya hapa kwa mwanamke wa Mombasa anayekagua ukingo wa kanga akitafuta alama ya mfanyabiashara, “Mali ya Abdulla”, kabla hajauliza bei.

Tatizo ni kwamba pambizo ndilo la kwanza kuangamia. Mtengeneza fremu hulikata ili picha iingie, au hulifunika kwa kadibodi yenye asidi inayoacha mstari wa kahawia. Gundi hukamata mgongo wa karatasi, nao mwanga wa dirishani hufifisha rangi. Halafu picha hiyo hufikishwa mnadani ikisifiwa kuwa na “fremu nzuri ya zamani”. Mimi sifa hiyo hunitia shaka.

Kwa hiyo, kuanzia toleo hili, gazeti hili halitapokea tangazo la picha ya kuuza bila picha ya mapambizo yote manne, mhuri na upande wa nyuma. Muuzaji aandike mwaka wa mchoro na kipindi cha uchapaji kando kando. Kama kipindi hakijui, aandike kuwa hakijui. Wauzaji kadhaa wametulalamikia kwamba tutawaharibia biashara, na wengine wameondoa matangazo yao. Ndiyo maana ukurasa wa nyuma, ambao kwa kawaida hujaa, mara hii una matangazo mawili tu. Moja ni la nakala ya miaka ya 1970, na limeandikwa hivyo waziwazi.