Setilaiti na glavu (sehemu ya 6)

Mama wenzangu, jana mmoja wenu aliniuliza: sista, nchi inarusha setilaiti na wodini glavu hakuna? Hata mimi nilinung'unika hivyo 15 Aprili 2023, Taifa-1 ya Kenya iliporushwa kwa roketi kutoka California. Sasa nimebadili mawazo, kidogo. Kale kadude kalitengenezwa kapige picha za mashamba, ukame, mafuriko. Mtoto wa utapiamlo tunayempokea, njaa yake ilianza miezi nyuma, mvua ilipogoma, na majani yakikauka yanaonekana kutoka juu kabla mtoto hajakonda. Hasira yangu ni hii: picha zikiishia ofisini Nairobi, mama wa Turkana atajuaje? Mwambieni chifu, mwambieni mhudumu wa afya wa jamii, mapema! Na glavu bado tunadai, msidhani nimesahau.