Tuangalie mgongo wa mtoto kabla pumzi haijapungua



Bega moja la binti likionekana limepanda kuliko jingine, mazungumzo ya nyumbani huelekea kwenye sura: nani atamposa, watu watasema nini. Wengine huamua kuficha. Wiki hii tunaziomba familia zitazame jambo zito zaidi, nalo ni pumzi.

Mbavu zimeungana na pingili za uti wa mgongo. Uti unapopinda upande, pingili nazo hujizungusha, mbavu hupoteza mpangilio wake, na kifua hukosa nafasi ya kutanuka. Mpindo hupimwa kwa nyuzi katika picha ya eksirei. Kuanzia nyuzi 10 huhesabiwa kuwa maradhi, ingawa mpindo mdogo hauathiri sana pumzi. Ukipita nyuzi 70, mapafu hubanwa kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Umri nao una uzito wake: mgongo uliopinda kabla ya miaka 5 huyazuia mapafu yenyewe kukua. Hata hivyo, wengi hupinda wakati wa kukaribia kubalehe, na mipindo inayoendelea kuongezeka huwapata zaidi wasichana.

Hapa Bariadi yapo pia mengine yanayopunguza pumzi. Kifua kikuu huharibu mapafu, na kikiingia kwenye pingili huweza kuacha kibiongo. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Vumbi la viwanda vya kuchambua pamba hubana kifua, hasa siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Moshi wa kuni na sigara nao hudhuru. Mwenye mgongo uliopinda akiongezewa haya, akiba yake ya pumzi huwa ndogo mno.

Tusimlaumu mtoto kwa kubeba ndoo, wala tusimtafute mwenye husuda. Mara nyingi sababu ya mpindo haijulikani.

Kwa kuwa mavazi ya stara hufunika mgongo, ni juu ya mama kumkagua binti yake faraghani. Binti ainame kama anayerukuu, mikono ikining'inia, na mama asimame nyuma yake. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko wa pili, aende hospitali. Akihitaji wataalamu zaidi, ipo Bugando jijini Mwanza na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam. Mkanda wa kuzuia mpindo usiongezeke hufaa mtoto akiwa bado anakua. Akichelewa, na mpindo ukawa mkubwa, hubakia upasuaji.

Na watu wazima ambao pumzi haiwatoshi kusimama, sheria imewaruhusu kuswali wameketi. Tuwawekee viti msikitini, na tusiwakodolee macho.