Kompyuta ndogo ya sebuleni: kabla hujalipia kadi ya grafiki

Ubishi ulianzia mezani, sahani zikiwa hazijaondolewa. Kijana amepata nafasi chuoni kusomea usanifu majengo. Mdogo wake yuko kidato cha pili. Mama anataka mahali pa kuandikia hesabu za duka lake la vitenge. Baba amejikusanyia fedha za kompyuta moja, na sebule ya kuiweka ndiyo hiyo hiyo ya kulia chakula, kupokea wageni na kutazama taarifa ya habari. Kwa hiyo walikubaliana mapema kwamba iwe ya mezani, na iwe ndogo. Kilichowagawa ni hoja ya kijana: anataka yenye kadi ya grafiki. Baba anauliza kadi ni ya nini, ikiwa picha zinaonekana.

Familia za namna hii ni nyingi mijini, na wote wawili, baba na kijana, wana sehemu ya haki.

Kila kompyuta inahitaji kitu cha kuchora kile unachokiona kwenye skrini. Katika prosesa nyingi kitu hicho kimejengwa humo humo ndani. Hakina kumbukumbu yake, hukopa sehemu ya RAM inayotumiwa na programu nyingine zote. Kadi ya kujitegemea ni kipande cha pembeni kinachochomekwa kwenye ubao mkuu, chenye kumbukumbu yake, mara nyingi na feni yake, na hula umeme wake.

Grafiki ya ndani bado inabeba sifa mbaya ya miaka ya nyuma, na si haki. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 8, zilizoanza kutoka 2017, zinaonyesha video za 4K bila kukwama na kuendesha skrini mbili kwa pamoja. Word, Excel, darasa la mtandaoni, YouTube, hata michoro ya kawaida ya AutoCAD ya pande mbili, vyote hivyo havihitaji kadi. Kizazi hicho cha 8 kina umuhimu mwingine kwa anayenunua mtumba: ndicho Intel ya chini kabisa ambayo Windows 11 inaikubali rasmi, ukiacha prosesa chache, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa bure Oktoba 2025. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600G ya 2021 ina grafiki yenye nguvu zaidi ya hizo za Intel, na Ryzen 7 8700G ya 2024 inacheza gemu nyingi za kisasa ukipunguza ubora wa picha.

Hapa herufi moja inaweza kuiharibia familia bajeti. Prosesa ya Intel ya mezani yenye F mwishoni, kwa mfano Core i5-12400F, haina grafiki ya ndani kabisa. Ryzen 5 5600 isiyo na G pia haina. Kompyuta ya hivyo bila kadi itawaka, feni itazunguka, na skrini itabaki nyeusi.

Jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni RAM. Kwa kuwa grafiki ya ndani huishi kwa kukopa, kasi yake inategemea upana wa njia ya kufika kwenye kumbukumbu. Vipande viwili vya GB 8 hufungua njia mbili kwa wakati mmoja, wakati kipande kimoja cha GB 16 huacha moja ikiwa imefungwa. Kwa kazi za ofisini tofauti ni ndogo, lakini kwenye gemu na michoro ya pande tatu inaonekana kwa macho. Mwenye fedha kidogo za ziada aanzie hapo kabla ya kuulizia kadi.

Sasa kijana. Michoro ya darasani mwaka wa kwanza itapita bila shida. Ila msanifu majengo hufika mahali anapotakiwa kumwonyesha mwalimu jengo likiwa limekamilika, lenye vivuli, vioo na mwanga wa jioni unaoingia dirishani. Programu kama Lumion na Enscape zimetengenezwa kwa ajili ya kadi ya kujitegemea. Ukizilazimisha kwenye grafiki ya ndani ya kompyuta ya kawaida, ama zitakataa au zitajikokota hadi kazi isiwezekane. Kijana hajamdanganya baba yake. Amewahi tu.

Ndiyo maana swali la kadi halitenganishwi na swali la kasha. Kompyuta ndogo za ofisini zinazouzwa mitumba, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zina maumbo mawili yanayochanganya watu. Lipo lile dogo kabisa, la ukubwa wa kitabu kinene, linalotumia chaja ya nje kama ya laputopu. Linapendeza, hufungwa hata nyuma ya skrini, na kwa kawaida halina mahali pa kuchomeka kadi, leo wala kesho. Lipo la pili, jembamba kama begi dogo la mkononi, lenye pawa saplai yake ndani na sloti ya kadi fupi. Kwa nyumba yenye mtoto anayeelekea kwenye michoro au uhariri wa video, hilo la pili ndilo la kuchukua hata kama sloti itakaa tupu kwa miaka miwili. Kwa mama wa vitenge peke yake, lile dogo lingetosha na kubaki.

Sloti tupu nayo ina masharti. Kadi lazima iwe fupi, na iwe na bati fupi la kufungia nyuma. Pawa saplai za makasha haya ni ndogo na nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi itakula kile tu kinachotoka kwenye sloti. Kiwango cha kawaida cha sloti kubwa ni hadi wati 75, lakini baadhi ya kompyuta hizi huruhusu pungufu ya hapo, na jibu limo kwenye kitabu cha maelekezo cha toleo husika. GeForce GT 1030 inahitaji takriban wati 30, Radeon RX 6400 wati 53, GTX 1650 fupi wati 75. Ya kukwepa ni GT 710. Bei yake inavutia, lakini teknolojia yake ni ya 2012, NVIDIA iliacha kuitolea maboresho ya kawaida 2021, na grafiki ya ndani ya prosesa nyingi za sasa inaizidi. Kuinunua ni kulipa ili kurudi nyuma.

Hesabu ya LUKU nayo iwekwe mezani. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nne kila siku itaongeza uniti 9 kwa mwezi. Ikiwa imetulia hula kidogo sana, kwa hiyo suala ni nani anakaa kwenye kompyuta na anafanya nini.

Halafu kuna joto na kelele, ambavyo duka halikuonyeshi kwa sababu dukani kuna kelele tayari. Feni ndogo ndani ya kasha jembamba huzunguka kwa kasi ili kutoa joto la kadi, na sauti yake ni nyembamba, ya kuudhi. Kwenye chumba ambacho mtoto anajisomea huku bibi amelala kochini, hilo si dogo. Kasha lisifungiwe ndani ya kabati la televisheni. Liachiwe nafasi ya upana wa kiganja nyuma na pembeni, na vumbi lipulizwe mara kwa mara kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Kuhusu macho, kadi ghali haiyalindi na grafiki ya ndani haiyaumizi. Maandishi yenye ukungu mara nyingi hutokana na skrini ya kiwango cha chini au waya wa zamani wa VGA, na kubadili kwenda HDMI au DisplayPort kunaweza kumaliza tatizo kwa gharama ndogo. Skrini iwe umbali wa urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho, na kila dakika 20 mtumiaji atazame kitu cha mbali kwa sekunde 20. Kadi ikija kufungwa, waya wa skrini uhamie kwenye tundu la kadi. Wapo wanaouacha pale pale kwenye ubao mkuu, wakalalamika kwa miezi kwamba kadi haina faida.

Pale mezani waliishia kwenye kasha jembamba lenye Core i5 ya kizazi cha 8, vipande viwili vya GB 8, na skrini mpya ya inchi 24 iliyomeza sehemu ya fedha ambazo kijana alizihesabia kadi. Hakufurahi. Baba aliandika nyuma ya risiti jina la toleo la kompyuta na wati za sloti yake, akaikunja na kuiweka kwenye droo ya vyeti, isubiri mwaka wa tatu.