Kalamu Ikigeuzwa Kisu

Mimi naamini kwamba kalamu ya mwandishi ni amana. Inasikitisha basi kuona baadhi ya magazeti yakiiuza amana hiyo kwa ajili ya kichwa kimoja cha habari.

Hebu tumkumbuke marehemu Profesa Wangari Maathai. Mnamo 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, akawahimiza wanawake kupanda miti. Kesi yake ya talaka ya 1979 ilipofika mahakamani, magazeti yaliianika aibu ya nyumba yake hadharani. Kovu hilo halikufutika. Alipopinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka wa 1989, wabunge hawakuijibu hoja yake. Walilibeza shirika lake kuwa kundi la wanawake walioachika.

Jumba hilo halikujengwa, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Maathai hakuwa amebadilika. Picha yake ndiyo iliyokuwa imepotoshwa.

Kiongozi ahojiwe kwa vitendo vyake vya umma, tena bila huruma. Lakini nasi wasomaji tusijitoe lawamani: anayenunua udaku ndiye anayeunoa huo upanga.