Daftari la Desemba



Desemba imefika Bilpam. Mvua imekoma, vumbi limerudi barabarani, na madaftari tuliyoyafungua kwa hamu mwanzoni mwa mwaka yamejikunja pembe. Wengi wenu mmeniambia jambo moja: "Mwalimu, hamu imeniishia, nitaanza upya Januari." Nathubutu kulipinga.

Hapa Juba tunakujua kuahirisha. Uchaguzi mkuu uliotarajiwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Uamuzi kama huo haumo mikononi mwa mwanafunzi mmoja. Hata hivyo, mtu aliyesubirishwa sana huweza kuzoea kusubiri, hata akaahirisha na kile alichokishika mwenyewe, yaani kalamu. Hasara yake si ndogo. Tangu mwaka 2016 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na raia asiyeweza kueleza haja yake kwa ufasaha atasemewa na wengine.

Tazameni jina la mahali hapa. Bilpam ya kwanza ilikuwa kambi ya wapiganaji huko Ethiopia katika miaka ya 1980. Jina hilo likabebwa hadi Juba, likapewa makao makuu ya jeshi. Waliolileta hawakubuni jina jipya. Walilichukua la zamani wakalipa makao mengine. Naamini hamu ya kuandika nayo hurudi kwa njia hiyo. Haishuki kutoka mbinguni usiku wa mwaka mpya. Huamka pale tunapokirudia tulichokiacha.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, lakini hakuwa mtu wa kungojea Januari. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na kwa miaka mingi aliandika huku akiishi kwa mshahara wa ukarani. Kama angesubiri siku isiyo na uchovu, tungekuwa na vitabu vyake vingapi leo?

Wahenga wa pwani walisema: mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kokochi ni nazi changa kabisa, ndogo, isiyo na maji wala nyama ya kula. Mkulima haikati kwa sababu haijakomaa. Huiacha ikue juu ya mnazi uleule. Insha yenu iliyokwama ni kokochi.

Basi, kabla mwaka haujafunga mlango, fungueni daftari la zamani. Chagueni kazi moja mliyoiacha katikati, muiongezee aya moja tu. Msiifute, wala msianze nyingine. Mimi nami nina shairi lililokwama tangu Machi katika ubeti wa pili. Ubeti wa tatu nitauandika wiki hii, hata ukiwa mbovu. Januari na itukute kazini.